Kula na Kulishwa: Mafunzo kutoka Meza ya Jumamosi



Katika mwaka wangu wa kichungaji nilipangiwa parokia moja ya mjini Mwanza, na Paroko akanikabidhi kazi ambayo sikuitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kufundisha Kipaimara na kukaa na vijana. Yeye akasema, "Frateri, wewe utakuwa na akina mama wa chakula." Akina mama hao ni WAWATA wa parokia, pamoja na wanaume wachache wa UWAKA na vijana. Kila Jumamosi hupika na kuwaandalia chakula watu wanaolala nje: kwenye baraza za maduka, stendi, sokoni, na kando ya ziwa karibu na vivuko. Nilikaa nao mwaka mzima. Somo hili nawaandikia mafrateri wenzangu, ambao siku moja watakabidhiwa parokia, na pia waamini ambao wanafikiria kuanza huduma ya namna hii, au wameianza na imeanza kuwachosha.

Nitaanza na kosa letu, kwa sababu ndilo lililotufundisha zaidi.

Jumamosi ya pilau

Utaratibu tulioukuta ulikuwa huu. Wageni walipanga foleni mlangoni mwa ukumbi, kila mmoja akapewa sahani ya wali na maharage, akala, akanawa, akaondoka. Wakishaondoka, wahudumu walikula chakula chao nyuma ya jiko: pilau, nyama na soda. Sikuona ubaya. Akina mama walikuwa motoni tangu saa kumi na mbili asubuhi, na nyama ile walichangishana wenyewe, haikutoka kwenye mfuko wa maskini.

Jumamosi moja mzee mmoja, mbeba mizigo wa sokoni ambaye hakukosa hata wiki moja, alizunguka nyuma kutafuta maji ya kunywa akatukuta na sahani zetu mkononi. Tukamkaribisha kwa aibu, mmoja akaanza kumpakulia. Akakataa. Akasema bila hasira, "Kumbe ninyi mnakula. Sisi tunalishwa." Akaaga kwa adabu akaenda zake. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile ya pili.

Kwenye kikao cha kamati wengine walisema mzee hana shukrani. Mimi mwenyewe nilikuwa upande huo, nakiri. Mama Mwenyekiti hakubishana na mtu, alitoa Biblia kwenye mkoba wake akaomba tusome 1Kor 11. Sote tulidhani tunaifahamu, kwa kuwa husomwa Alhamisi Kuu. Lakini somo la Alhamisi Kuu huanzia aya ya 23, pale Mtume Paulo anapoeleza jinsi Bwana alivyotwaa mkate. Mama alituanzishia aya ya 17. Pale Paulo amekasirika. Waamini wa Korinto wanakusanyika kwa karamu ya Bwana, lakini kila mmoja anakimbilia chakula chake, huyu ana njaa na yule amelewa, na wasio na kitu wanaaibishwa. Kwa Paulo, mkusanyiko wa namna hiyo hauwezi kuitwa karamu ya Bwana hata kidogo. Maneno ya kuwekwa kwa Ekaristi, ambayo tunayasikia kila Misa, aliyaandika katikati ya ugomvi wa chakula.

Dawa anayoitoa iko katika aya ya 33, na ni neno dogo. Hakuwaambia Wakorinto waongeze kipimo cha maskini. Aliwaambia wangojane.

Wiki ile tukaamua: chungu kimoja, meza moja. Nusu ya wahudumu wanakaa na wageni na kula nao chakula kile kile, nusu wanapakua, kisha wanabadilishana. Pilau ikahamia Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwa watu wote. Uamuzi huo haukupita kirahisi. Wapo waliosema harufu inawashinda, wapo walioogopa magonjwa, na watatu waliacha huduma. Sisemi walikuwa wabaya. Kumpa mtu chakula ni rahisi kuliko kukaa naye begani akiwa hajaoga wiki tatu, na ni afadhali jambo hilo lisemwe wazi kwa kila anayetaka kujiunga. Sisi tuliishia kuweka bomba la maji, sabuni na pazia nyuma ya ukumbi, wageni wakaoga kabla ya kula. Jambo hilo lingetakiwa kufanyika mwaka wa kwanza.

Mama Mwenyekiti alimfuata yule mzee sokoni kumwomba radhi. Alirudi wiki ya tatu, akakaa, akala, wala hakuligusa jambo lile tena.

Foleni humpa mwenye nguvu

Manung'uniko ya kwanza ndani ya Kanisa ambayo Matendo ya Mitume yanatusimulia yalihusu mgawo wa chakula (Mdo 6:1-7). Wajane wa Wayahudi wanaosema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mwinjili Luka hasemi kama kuna mtu aliyewanyima kwa makusudi. Huenda ilikuwa kama kwetu: waliofahamika walionekana, wasiofahamika wakapitwa. Mitume hawakuwahubiria wajane uvumilivu. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wenye Roho na hekima. Soma majina ya hao saba, kuanzia Stefano na Filipo hadi Nikolao wa Antiokia: yote ni ya Kigiriki. Upawa ulikabidhiwa kwa upande ule ule ulionung'unika.

Nasi tukajiuliza, wajane wetu ni akina nani? Tulipotazama foleni vizuri tuliona kwamba mbele walikuwa vijana wenye nguvu, na wengine walirudi mara ya pili. Nyuma walikuwa mama wenye watoto mgongoni, wakiogopa kusukumwa. Wagonjwa wa akili hawakupanga foleni kabisa, walizunguka uwanjani wakisubiri kuitwa. Wabeba mizigo, ambao kazi yao huanza saa kumi alfajiri, walikuwa hawajamaliza ile saa sita tuliyokuwa tunapakua, na walipofika walikuta ukoko.

Kwa hiyo tuliondoa foleni. Mgeni anafika, anasalimiwa, anaonyeshwa mahali pa kukaa kwenye meza ya watu wanane, na chakula kinamfuata. Saa ya chakula tukaisogeza hadi saa nane. Mabishano ya mlangoni yalipungua mara moja, maana mtu aliyekwisha kukaa hana sababu ya kumsukuma mwenzake.

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msemo huu mara nyingi tunautumia kumfukuza mgeni kwa upole, lakini una heshima ndani yake: aliyepewa jembe amehesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Baada ya miezi mitatu, mama mmoja anayelala stendi ndiye aliyekuwa anachambua mchele kuliko sisi wote, na vijana wawili wa mitaani walisimamia maji ya kunawa. Mmoja wa wageni aliingia katika kamati. Katika kikao chake cha kwanza alituambia kwamba maharage yetu yana chumvi nyingi, jambo ambalo hakuna mgeni aliyewahi kuthubutu kulisema.

Huruma bila utaratibu

Kuna kisa katika maisha ya Mtakatifu Vinsenti wa Paulo ambacho kila kamati ya chakula ingepaswa kukifahamu. Mwaka 1617 alikuwa paroko wa Châtillon, mji mdogo wa Ufaransa. Dominika moja, akijiandaa kwa Misa, aliambiwa kwamba nje ya mji kuna familia ambayo watu wake wote wameugua na hakuna wa kuwahudumia. Akalizungumzia katika mahubiri. Mchana alipokwenda kuwatazama, alikuta njia imejaa watu wanaopeleka chakula. Wengine wangefurahi wakaishia hapo. Vinsenti aliona kwamba chakula kingi kile kitaharibika, na baada ya siku chache wagonjwa watarudi kwenye njaa yao. Aliona upendo mkubwa usio na mpango. Akawakusanya wanawake wa parokia, wakapangiana zamu, na kabla mwaka haujaisha wakawa na kanuni iliyoandikwa.

Kanuni ile inashangaza kwa mambo yake madogo. Inaeleza jinsi ya kuandaa kitambaa na sahani, na jinsi ya kumsalimu mgonjwa kwa uchangamfu. Inamwagiza mhudumu aanze na mgonjwa mwenye mtu wa kukaa naye, amalizie na yule aliye peke yake, ili apate kukaa naye muda mrefu zaidi. Mtu mwenye njaa ya chakula huwa na njaa nyingine pia, na Vinsenti aliipangia nafasi katika ratiba.

Parokia zetu nyingi bado ziko kwenye ile Dominika ya mchana. Wakati wa Kwaresima na Noeli magunia yanajaa sakristia. Ikifika Julai, mwenye kamati anazunguka na daftari akiomba chumvi. Tuliloweza kufanya ni hili: kila kanda ya parokia ilichukua Jumamosi yake ya mwezi, na jumuiya za kanda hiyo zikagawana vitu, hii mchele, hii maharage na mafuta, hii mkaa na sabuni. Mwezi wenye Jumamosi tano, ya tano ni ya UWAKA, nao wanapika wenyewe. (Walibisha sana. Sasa wanajisifu kwa ugali wao.) Vitu vinaandikwa kwenye daftari vinapoingia na vinapotoka, kwa saini za watu wawili. Wakati fulani mchele ulipungua stoo bila maelezo. Daftari lilitusaidia kujua ni wiki gani, na bila daftari tungebaki kunong'onezana majina ya watu.

Kuhusu vipimo niseme kifupi. Tulianza kwa kupima kama tunavyopimia sherehe, kilo 6 za mchele kwa watu 60, na chakula kikaisha tukiwa katikati. Mtu wa sherehe amekunywa chai asubuhi na atakula tena jioni. Anayekula mara moja kwa siku anahitaji karibu mara mbili yake. Kwa watu 60 tulifikia kilo 11 za mchele na kilo 6 za maharage makavu, yaliyolowekwa Ijumaa jioni na kuchemshwa hadi yakaiva kabisa. Mchicha au kabichi usikose. Wazee wasio na meno wawekewe maharage yaliyopondwa, bila kusubiri waombe. Wali ulioiva usikae zaidi ya saa mbili ukipoa: ukichelewa, uwe kwenye hotpoti unatoa mvuke. Kuna vijidudu kwenye mchele visivyokufa kwa kuchemshwa, na sumu vinayoiacha katika wali uliopoa haiondoki hata ukiupasha moto. Kwa hiyo kiporo cha Jumamosi kisipewe mtu Dominika, hata kama roho inauma kukimwaga.

Sasa niseme la kufunga mlango. Jumamosi moja huduma iliahirishwa kwa sababu ukumbi ulihitajika kwa harambee ya ujenzi. Tulitangaza katika Misa, lakini hakuna aliyekumbuka kwamba wageni wetu wengi hawako kwenye Misa zetu. Walikuja, mvua ikiwanyeshea, wakakuta geti limefungwa na ndani muziki unapigwa. Wiki iliyofuata walikuja nusu tu, na ilichukua karibu miezi miwili idadi kurudi. Tangu hapo kanuni ni kwamba hata kama ukumbi haupo, uji na mkate vitolewe getini saa ile ile. Mtu anayelala nje ameahidiwa mambo mengi na watu wengi, na anapima neno lako kwa saa.

"Asiyefanya kazi na asile"

Maneno hayo ya 2Thes 3:10 niliyasikia kutoka kwa waamini mara nyingi kuliko aya yoyote ya Injili. Hoja inastahili jibu, maana wanaoitoa si watu wenye roho mbaya. Wengi wao wametoka vijijini mikono mitupu na wamejenga maisha yao kwa jasho.

Kwanza, Paulo anamzungumzia mtu asiyetaka kufanya kazi. Ni waamini waliokaa bure na kujishughulisha na mambo ya wenzao. Hasemi chochote juu ya mtu ambaye kazi yake haitoshi kulipa kodi ya chumba. Nilipokaa mezani nilijifunza kwamba wageni wetu wengi walikuwa wametoka kazini: kubeba magunia, kuokota chupa za plastiki, kuparua samaki, kuosha magari. Wengine walikuwa na chumba hadi walipougua mwezi mmoja. Wapo bibi waliokimbia vijiji vyao kwa kushukiwa uchawi, na hao huwezi kuwaambia warudi kwao. Wapo pia wavivu, ndiyo, na walevi. Lakini sikuona sahani moja ya wali kwa wiki ikimfanya mtu aache kazi. Siku sita zilizobaki anajitafutia.

Pili, kanuni za Kanisa zinamtaka Paroko awashughulikie kwa bidii ya pekee maskini, wenye mateso, wapweke na walio mbali na nchi yao (kan. 529 §1). Mafrateri, kanuni hiyo tutaulizwa kwenye mtihani, na baadaye tutaulizwa tena.

Hata hivyo hoja ya uvivu ina ukweli mmoja: chakula peke yake hakimwondoi mtu barazani. Wanaokaa mezani ndio wanaosikia kwamba huyu amepoteza kitambulisho, yule anahitaji nauli ya kurudi Ukerewe, huyu alikuwa fundi cherehani. Kamati haiwezi yote. Iwe na namba ya afisa ustawi wa jamii wa kata, ya muuguzi mmoja mwamini, na ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye anapaswa kuwa na barua yenu ya kumjulisha huduma tangu mwanzo. Askari wakija kuwaondoa ombaomba barabarani, barua hiyo inasaidia.

Watoto, sala na picha

Watoto wa mitaani walikuwa kati ya kumi na kumi na tano kila wiki. Hapa moyo mwema unaweza kuleta madhara. Muumini mmoja, kwa nia nzuri, alitaka kumchukua mtoto akaishi naye nyumbani siku ile ile. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ina taratibu zake, na zinapitia ustawi wa jamii. Mhudumu asibaki peke yake na mtoto, asimtume nyumbani kwake, asimpe fedha kwa siri. Mtoto akisema anapigwa au anatendewa vibaya, kuna simu ya bure 116.

Sala ilikuwa fupi, kabla ya chakula, na hakuna aliyelazimishwa. Wageni wetu wengi ni Waislamu. Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika waraka wake Deus Caritas Est wa mwaka 2005 (na. 31), anafundisha kwamba upendo hutolewa bure na haupaswi kuwa chombo cha kuwavuta watu kuingia dini. Ukiuchukulia kwa uzito waraka huo, unafika hadi jikoni: nyama yetu ilinunuliwa kwa wachinjaji ambao Waislamu wanawaamini, kitimoto hakikupikwa, na wakati wa Ramadhani sahani za waliofunga zilifunikwa wakapewa kwenda kufuturu. Wapo waliouliza habari za Yesu. Waliuliza wenyewe, mezani, na walijibiwa.

Kuhusu picha, mfadhili mmoja alitoa magunia manne ya mchele kwa sharti la kupigwa picha akimkabidhi mgeni sahani. Kamati iligawanyika, kwa maana mchele tuliuhitaji kwelikweli. Tulisoma Mt 6:1-4, tukamwomba aje ale nasi bila kamera. Hakuja, na mchele hatukuupata. Mwezi ule ulikuwa mgumu, na mhazini alinikumbusha hilo kila wiki.

Daftari la majina

Mbali na daftari la stoo tulikuwa na la pili, la majina. Jina ambalo mtu anataka kuitwa, na meza anayopenda kukaa, basi. Mwanzoni nililiona kama kazi ya ziada.

Mgeni mmoja, fundi viatu, alikosa Jumamosi mbili. Kwenye foleni ya zamani tusingejua. Sasa wenzake wa mezani walijua mara moja kwamba kiti chake kiko wazi, na wakasema alikuwa anakohoa usiku. Tulimtafuta tukamkuta wodini, anaanza dawa za kifua kikuu, hana ndugu wa kumletea hata uji. Akina mama wakapangiana zamu kama zile za Châtillon. Dawa zenyewe hutolewa bure, lakini matibabu huchukua miezi sita, na miezi sita ya vidonge huku unalala barazani ni jambo gumu. Aliporuhusiwa, UWAKA walimlipia chumba kwa muda huo.

Nilipoondoka kurudi seminarini alikuwa amebakiza miezi miwili. Sahani yake ya Jumamosi alipelekewa na yule mzee mbeba mizigo, maana ndiye aliyejua njia ya mkato kupanda kule mlimani kilipo chumba. Aliipeleka kwanza, ikiwa imefunikwa kwa sahani nyingine, kisha akarudi ukumbini kula.